Msomaji wa Baba Nehemia

Newport News, Virginia. Kiangazi cha 1936.

Jumapili, 14 Juni

Nimeolewa. Naliandika tena ili nilione: nimeolewa. Tangu jana mchana mimi ni Bibi Lemuel Boykin, na mume wangu amelala hapa ubavuni mwangu, mdomo wazi kidogo, mzuri hata akikoroma. Sijui wanawake wengine hufanyaje kazi zao za siku wakiwa na furaha ya namna hii kifuani. Nadhani ndiyo maana huunguza vyakula.

Baba Nehemia mwenyewe alitufungisha, joho la zambarau, glavu nyeupe. Bendi ya Hekalu ilipiga mpaka madirisha yakatetemeka. Bwana harusi alivumilia nyimbo mbili, kisha akanyakua tromboni yake, lile tarumbeta la kuvuta na kusukuma, akanipigia mimi peke yangu, jasho likimtiririka kwenye kola. Kisha watu wote wakatusindikiza mpaka nyumbani, na Odell Spruill, rafiki yake Lemuel anayepiga tromboni ya pili, akaupiga misumari mlango wetu wa nyuma, kama inavyofanywa katika kila nyumba ya Hekalu la Mlango wa Mbele.

"Gonga sawasawa, Odell," akasema mkewe Mozelle, tumbo lake limetangulia kama ngoma kubwa. "Asije bibi harusi akatorokea huko."

"Huyu amesoma sekondari," Odell akajibu, misumari mdomoni. "Akitoroka atapita mbele na kuaga."

Mama hakuja. Yeye ni Mbatisti. Alituma pai ya viazi vitamu.

Jumatano, 17 Juni

Nimeunguza mkate wa mahindi. Lemuel ameumaliza, akaapa hajawahi kula kitu kitamu hivyo. Mwongo wangu mpenzi.

Jumapili, 21 Juni

Leo nilisoma kwa mara ya kwanza nikiwa na pete kidoleni. Kwetu Baba hasomi; wafalme husomewa, ndivyo watu wanavyosema. Nasimama kando yake, Kitabu kiko wazi mezani, naye anapaza sauti: "Soma, binti!" Nasoma kipande, anakidaka hewani na kukipandisha juu, juu, mpaka akina mama wanavua kofia wajipepee nazo. "Soma!" Nasoma kingine.

Leo alisema: "Wamekuambieni Kristo ana nywele kama katani. Nani alimwona? Nasema alikuwa mweusi kama sufuria ya mama yangu, akaingia mjini kwa lango la mbele juu ya punda, na hawakumsamehe kwa hilo." Kisha akasema Mungu hakuumba mtu wa mlango wa nyuma. Weupe wakikuambia dukani zunguka nyuma, rudi nyumbani na njaa yako; njaa yako ina heshima kuliko unga wao.

Gazeti la mjini humwita Mfalme wa Kaa, kwa sababu ya gari lake refu la zambarau na sisi wanawake tunaochambua kaa wa baharini kiwandani tunaombusu glavu. Anajua. "Mimi si Mungu," alisema leo. "Ila Mungu akitaka kusema na mtaa huu, atamtumia nani mwingine?" Nilitazama kama anatania, sikuweza kujua. Lemuel hucheka maneno kama hayo na kuyaamini kwa pamoja. Nampenda kwa hilo pia.

Alhamisi, 25 Juni

Mama amekuja hatimaye. Alizunguka nyumba nzima kabla ya kuingia.

"Nyumba ina milango miwili, na mmoja mmeupiga misumari kama jeneza. Jiko likishika moto mtatokea wapi, kwenye bomba la moshi?"

"Tutatokea mbele, Mama."

"Mtatokea mmeiva. Na gari la huyo Baba wenu nalo lina milango minne. Amepigilia mingapi?"

Lemuel alicheka mpaka akakohoa.

"Usinicheke, mkwe. Nilifua shuka za watu ili huyu asome. Sikujua namsomeshea tapeli."

"Basi ahsante kwa shuka, Mama," Lemuel akamwambia. "Hata mimi zimenifaa."

Mama akakaza midomo asicheke. Alikula sahani mbili.

Jumapili, 28 Juni

Baada ya ibada nilimsomea Lemuel ile sheria ya Musa ambayo wasichana wa shule tulikuwa tukiitafuta kisirisiri: aliyeoa mke mpya asipelekwe vitani wala asipewe shughuli, akae nyumbani kwake mwaka mzima amfurahishe mkewe. Aliniomba niirudie mpaka akaijua kwa moyo. "Musa alikuwa mtu wa maana," akasema, "watu hawamsifu inavyotosha."

Jumapili, 5 Julai

Lazima niandike.

Baba anapotuma watu hachagui peke yake. Huita jina, hufumba macho, hukifungua Kitabu na kuweka kidole. Msomaji husoma palipoangukia kidole. Maneno yakikubali, mtu anakwenda. Yakikataa, anaitwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa tangu Hekalu lilipokuwa banda la kufungulia chaza.

Familia za kiwanda cha mbao huko Wexley, ng'ambo ya mpaka, Carolina Kaskazini, zimeomba hekalu. Hekalu jipya kwetu huanza namna moja: bendi inashuka kwenye treni, inapita mlango wa mbele wa kituo, ule wa weupe, inaingia barabara kuu ikipiga. Kila mtu hapa anajua mkuu wa polisi wa Wexley ameapa kumfanya nini mweusi atakayepita mlango huo.

Baba akaita: "Lemuel Boykin."

Lemuel akasimama. Uso wake uling'aa kama siku ya harusi, na nikaona wivu, ndiyo, wivu, kwamba kuna kitu kingine kinachoweza kuung'arisha hivyo. Baba akafumba macho. Kitabu kikafunguka. Kidole kikashuka.

Nikatazama. Palikuwa kwa manabii, pale Bwana anapouliza amtume nani, na mtu anajibu kwamba yupo, atumwe yeye. Hapakuwa na utata wowote.

"Soma, binti!"

Nikafungua kinywa, nikasoma Musa. Nilikuwa naijua bila kutazama. Aliyeoa mke mpya asipelekwe vitani.

Hekalu likalipuka kwa kicheko. "Kaa nyumbani, bwana, una kazi!" "Mwaka mzima, Lemuel, utaweza?" Wazee walikuwa wanapiga magoti yao kwa viganja. Baba peke yake hakucheka. Alibaki amefumba macho, mkono wa kushoto juu ya kurasa, kisha akafumbua na kunitazama.

"Bwana amesema," akatamka polepole. "Odell Spruill."

Kidole kikaangukia zaburi moja, panaposemwa Bwana asifiwe kwa mvumo wa baragumu. Hiyo niliisoma kama ilivyoandikwa.

Mozelle aliweka mikono miwili juu ya tumbo lake. Alikuwa anatabasamu.

Jumatatu, 6 Julai

Lemuel anapiga mluzi nyumba nzima. Anasema Mungu mwenyewe ametupa mwaka. Nimemkaangia samaki nikasahau chumvi.

Alhamisi, 9 Julai

Wameondoka. Asubuhi Odell alipita kuomba kile kipande cha mdomoni cha tromboni ya Lemuel, cha fedha, kwa kuwa sasa yeye ndiye wa mbele; chake akakiacha hapa.

"Ukinirudishia kina mate yako nitakuua," Lemuel akamwambia.

"Kitarudi kimejifunza kupiga."

Wakakumbatiana wakipigana migongo kwa nguvu, kama wanaume wanavyofanya ili isionekane ni kukumbatiana. Odell akanigeukia. "Dada Luvenia, mtunze huyu. Amri ya Musa."

Nikasema nitamtunza.

Jumapili, 12 Julai

Joto. Nilisoma. Niliomba maji mara mbili.

Jumatano, 15 Julai

Wengine wamerudi bila Odell.

Walishuka, wakapita mlango wa mbele, wakapiga mpaka karibu na posta. Odell alikuwa mbele. Askari mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki tromboni ikiwa bado mdomoni. Meno ya mbele yote yameng'oka, na mdomo wa juu umechanika mpaka puani. Wakampeleka mbele ya hakimu hivyohivyo anavuja damu. Amefungwa kwenye genge la wafungwa wanaovunja mawe barabarani, mnyororo mguuni, mpaka majira ya baridi. Wenzake walirushwa kwenye treni kama magunia. Hakuna anayesema atapiga tena. Mdomo wa namna hiyo hauwezi.

Lemuel aliketi kizingitini jioni yote. "Ningekuwa mimi, Venie. Jina langu ndilo liliitwa." Akarudia na kurudia. "Mungu ameniepusha na sijui ameniona nina nini."

Niliweka kichwa mgongoni kwake nikasikia anavyovuta pumzi. Nami nilifurahi. Hilo ndilo ninalotaka lisimame hapa kwenye karatasi mahali nitakapoliona. Nilifurahi kwamba mgongo ule ulikuwa mzima.

Ijumaa, 17 Julai

Mozelle amerudi kazini, kwenye kiti jirani na changu. Visu vyetu vinakwenda, kaa wanatoa mvuke, hakuna anayejua pa kutazama.

"Mnaniangalia kama mjane," akasema kwa sauti meza nzima isikie. "Mimi si mjane. Mume wangu alichaguliwa kwa kidole cha Mungu. Wa Luvenia aliachwa nyumbani kama kuku wa mayai." Akanisukuma kwa kiwiko. "Natania, mwenzangu. Usikasirike."

"Sikukasirika."

"Basi mbona machozi?"

"Gamba limenichoma."

"Onyesha."

Nikaficha mkono.

Jumanne, 21 Julai

Hakuna upepo. Jiko bila mlango wa nyuma ni tanuri. Lemuel amenipepea kwa gazeti nikipika, akanibusu shingoni, nami nikakauka kama ubao. Akauliza amekosa nini.

Jumapili, 26 Julai

Mama alinisubiri nje ya Hekalu. Haingii. "Mchungaji gani hutuma kondoo mbele na kubaki na gari?" akasema, wala hakupunguza sauti.

Nami nilikuwa nawaza hilohilo. Wiki hii nimegundua namchukia Baba Nehemia. Joho lake, glavu zake, jinsi anavyokohoa kabla ya kusema jambo kubwa. Maandamano ni yake, Wexley ni yake, kidole ni chake. Nimejisikia vizuri kumchukia, kama mtu aliyepata pa kutua mzigo. Imedumu mpaka nilipomwona Mozelle akitoka na kumbusu ile glavu.

Jumapili, 2 Agosti

Lemuel hakupiga leo. Ameisukuma tromboni chini ya kitanda.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimekwenda nyumbani kwa Baba. Ile nyumba kubwa ambayo magazeti huihesabia vyumba. Nilimkuta jikoni amevaa fulana, anakula kaa, mikono mitupu. Sikuwahi kuiona mikono yake. Ina makovu ya kuungua, ya zamani, mpaka kwenye viwiko.

"Utomvu uliochemka," akasema aliponiona natazama. "Georgia. Nilikua kwenye kambi ya kukamua misonobari. Keti."

Sikuketi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kidole kilikuwa wapi na nilisoma nini. Aliendelea kuvunja miguu ya kaa mpaka nilipomaliza.

"Najua," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Mkono wangu wa kushoto. Sheria za Musa zinakaa mwanzoni, binti. Ukifungua hapo mkono wa kushoto una kurasa chache. Siku ile nilikuwa nimeshika nusu ya Kitabu na zaidi." Akafuta vidole. "Sijui kusoma. Ulikuwa unalijua hilo?"

Sikuwa nalijua. Nimesimama kando yake muda wote huo, sikulijua. Nilidhani ni enzi.

"Mama yangu alikuwa amekariri Kitabu, naye alikipata kwa kusikia. Alinimwagia chote sikioni akifua nguo. Alifia kwenye ngazi za nyuma za hospitali fulani, tukisubiri mtu aje atufungulie. Mbele palikuwa wazi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka." Akasukuma sahani kando. "Mengine yote ninayohubiri ni hayo tu nimeyavalisha joho."

"Ulijua ukanyamaza."

"Ningesema nini? Binti amekosea? Wangeniambia basi soma wewe, Baba. Wewe uliogopa kwa ajili ya mume. Mimi niliogopa kwa ajili ya joho. Kosa langu ndilo baya zaidi, na Odell ndiye aliyelilipia."

"Basi tuwaambie watu."

"Waambie. Mozelle anajifungua mwezi huu. Anasimama kwa nguvu ya kidole kile na si kitu kingine. Mvunjie." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia. "Sikutumi wala sikukatazi. Siwezi kukuamuru lolote tena; kosa hili ni letu, wewe na mimi."

Nikaondoka. Njia nzima nilijaribu kumwita tapeli, kama Mama, halafu nabii, kama Lemuel. Hakuna lililomkaa. Alikuwa mzee mwenye makovu anayekula peke yake.

Jumapili, 16 Agosti

Mozelle amejifungua mtoto wa kiume. Nilikuwepo. Akasema, "Mpeni Luvenia amshike kwanza. Ndiye aliyesoma mwito wa baba yake."

Nilimshika.

Jumatano, 19 Agosti

Mvua kubwa. Lemuel ameuliza kama simpendi tena. Mimi. Kama simpendi.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimemwambia Mozelle. Nilimpelekea supu, nikaiweka mezani, nikasema kabla sijavua kofia, kwa sababu ningeivua nisingesema.

Alikuwa ananyonyesha. Hakuinua kichwa. Alimhamishia mtoto titi la pili, akamtengeneza vizuri.

"Kidole kilikuwa wapi?"

Nikamwambia.

"Kwa hiyo Mungu alisema Lemuel."

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema Odell."

"Sikusema Odell. Nilisema asiwe Lemuel."

"Ni kitu kimoja hicho, Luvenia. Umesoma sana, ndiyo maana unaviona viwili."

Mtoto alikuwa anameza kwa kelele. Tulimsikiliza.

"Nilikuwa namwambia huyu," akasema, "kila nikimwogesha: baba yako alichaguliwa. Sasa nimwambie nini?"

Nikafunika supu isipoe.

"Mume wako anajua?"

"Hapana."

"Mwambie kabla sijamwambia mimi. Nipe hiyo nepi, kisha uende zako. Supu iache. Siwezi kutupa chakula."

Ijumaa, 28 Agosti

Nimemwambia Lemuel. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: kama nilisoma vile kwa kuchanganyikiwa au kwa kutaka. Nikasema kwa kutaka. Akapiga magoti nikadhani anasali; alikuwa anaitoa tromboni chini ya kitanda. Amekwenda kulala kwa kaka yake.

Jumamosi, 29 Agosti

Mama alikuja akaona mto mmoja kitandani. Hakusema neno lolote juu ya Baba wala Hekalu. Alifagia.

Jumapili, 6 Septemba

Wexley wameomba tena. Lile kundi la kiwanda cha mbao limekuwa likisali kwenye banda la mahindi na halikutawanyika hata baada ya Julai. Hekalu lilijaa mpaka ngazini. Lemuel alikaa safu ya nyuma kabisa, na bendi.

Baba hakuita jina. "Leo kidole kitangulie," akasema. Akafumba macho, akafungua, akashusha.

Nikatazama. Ilikuwa orodha ya ukoo. Fulani akamzaa fulani, na fulani akamzaa fulani. Hapakuwa na kwenda wala kubaki.

"Soma, binti!"

Nikasoma. Watu wakasubiri. Mwanamke mmoja mbele akasema "Ndiyo?" kama anayenisaidia.

Baba akafumbua macho. "Soma tena."

Nilijua ningeweza kumpa chochote. Najua mistari mia ya kutuma watu na mia ya kuwazuia, na yeye asingenipinga, kama hakunipinga mwanzo. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeshikiwa ngazi. Nikaweka kidole changu chini ya maneno na kusoma majina yaleyale, polepole, baba kwa mwana, mpaka mwisho wa mstari.

"Hakuna kingine hapo?"

"Hakuna kingine, Baba."

Akavua glavu ya mkono wa kulia, mbele ya watu wote. Makovu yakaonekana, nikasikia mshtuko wao. "Basi leo hatukutumwa," akasema. "Kitabu hakikumtaja mtu, na siku nyingine mnaweza kuniuliza ni mara ngapi kweli kiliwataja. Nitawajibu. Lakini kesho nashuka Wexley na nitapita mlango wa mbele, mimi mbele kabisa, ambako nilipaswa kuwa Julai. Asiyetaka abaki, na asionwe vibaya. Nani anakwenda?"

Mtu aliangusha upepeo wake. Nikasikia kiti kikisogezwa nyuma kabisa na sikuhitaji kutazama, lakini nilitazama.

"Mimi," akasema Lemuel.

Hapakuwa na mng'ao usoni mwake safari hii. Alikuwa anaogopa, ninamjua. Baada yake akasimama mpiga ngoma, na baada yake wengine.

Jumatatu, 7 Septemba

Alikuja alfajiri kuchukua shati jeupe. Nilikuwa nimelipiga pasi.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nataka nikiondoka ujue hivyo. Isije ikatokea kitu, ukafikiri nilikuwa nimesamehe."

"Nimesikia, Lemuel."

Akakaa, nikamfunga kola, kwa sababu hajawahi kuweza kuifunga mwenyewe. Shingo yake ilikuwa ya moto. Sikusema neno "baki." Lilikuwa limejaa mdomoni, nikalishikilia kwa meno mpaka akasimama.

Kituoni walipita mlango wa mbele, Baba akitangulia bila joho, bendi nyuma yake. Mozelle alikuwepo na mtoto begani. Hakunisalimia. Treni ilipoanza kupumua Lemuel alirudi hatua chache akanibusu mbele ya watu wote. Sikulistahili busu lile. Nililipokea.